Pescó au pescaba? Mwongozo kamili wa imperfecto ya Kihispania kwa sisi wa Malindi

Jioni moja nilikuwa nimesimama ufuoni na mgeni kutoka Hispania, mama mtu mzima, tukitazama mashua zikirudi. Akaniuliza kwetu tulikuwa watu wa kazi gani. Nikamjibu kwa fahari: *Mi abuelo pescó aquí.* Akanigeukia akauliza: *¿Y qué pescó?* Alitaka kujua babu alivua nini. Mimi nilikusudia kumwambia kwamba babu alikuwa mvuvi, kwamba umri wake ulikwisha katika maji yale. Yeye alisikia kwamba siku moja babu aliingia baharini akatoka na kitu mkononi. Neno nililolihitaji lilikuwa *pescaba*, "alikuwa akivua", umbo la kitenzi cha zamani linaloitwa imperfecto.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya wenzangu wanaotembeza wageni, wanaopokea watu hotelini, wanaoendesha mashua za kwenda kuona matumbawe, na yeyote aliyekwisha kujifunza Kihispania cha salamu na bei na sasa anataka kusimulia. Kusimulia mambo ya zamani ndiyo kazi yetu kubwa hapa, na bila imperfecto hausimulii, unaorodhesha matukio tu.

Elewa kwanza Kihispania kinakuuliza nini

Kiswahili kinatupa -li-, na -li- ni karimu sana. "Babu alivua hapa miaka yote" na "babu alivua papa jana" zote zina -li-, na msikilizaji anaelewa mwenyewe. Tukitaka kufafanua tunasema "alikuwa akivua", lakini si lazima. Kihispania hakikuachii nafasi hiyo. Kila ukitaja jambo lililopita kinakuuliza: unalitazama jambo hili likiwa limefungwa, lina mwanzo na mwisho, au unalitazama kutoka ndani, likiwa bado linaendelea?

Fikiria jahazi. Likishatia nanga, safari imekwisha na unaweza kuihesabu: hiyo ni *pretérito indefinido* (*pescó*, alivua, *llegó*, alifika, *comió*, alikula). Likiwa katikati ya maji, tanga limejaa upepo wa kaskazi na bandari haijaonekana, hiyo ni *pretérito imperfecto* (*pescaba*, *llegaba*, *comía*). Safari inaweza kuwa ni ileile moja. Kinachobadilika ni pale unaposimama kuitazama.

Jenga kitenzi

Hapa pana wepesi mkubwa. Vitenzi vya Kihispania vinaishia kwa -ar, -er au -ir. Ondoa kiishio hicho, kinachobaki ni shina, kisha pachika kiishio kipya. Kwetu nafsi hukaa mbele ya kitenzi (*ni*-li-vua, *tu*-li-vua), kwao hukaa nyuma, kwa hiyo zoeza sikio lako kungoja mwisho wa neno.

Vitenzi vya -ar, kwa mfano *pescar*, kuvua samaki:

yo pescaba – mimi
tú pescabas – wewe
él, ella, usted pescaba – yeye, au wewe kwa heshima
nosotros pescábamos – sisi
vosotros pescabais – ninyi
ellos, ellas, ustedes pescaban – wao, au ninyi

Vitenzi vya -er na -ir vinatumia viishio vya aina moja. Hivi hapa vya *vender*, kuuza: vendía, vendías, vendía, vendíamos, vendíais, vendían. *Vivir*, kuishi: vivía, vivías, vivía, vivíamos, vivíais, vivían. Basi. Ukijua seti mbili, umemaliza viishio vyote.

*Vosotros* utaisikia kwa wageni wa Hispania wenyewe. Wa Mexico, Argentina au Colombia husema *ustedes* kwa ninyi wote. Kwa mtu mzima usiyemjua tumia *usted*, na kitenzi chake ni cha nafsi ya tatu: *¿Usted trabajaba en Madrid?*, wewe ulikuwa ukifanya kazi Madrid?

Kuna jambo lingine la kukufurahisha. Vitenzi vinavyosumbua katika nyakati nyingine hapa vimetulia. *Tener* (kuwa na) ni tenía, *hacer* (kufanya) ni hacía, *poder* (kuweza) ni podía, *querer* (kutaka) ni quería, *saber* (kujua) ni sabía, *estar* (kuwa mahali au katika hali) ni estaba. Hata vile vinavyobadili shina katika wakati uliopo, kama *dormir*, kulala (duermo) na *jugar*, kucheza (juego), hapa vinabaki na shina lao: dormía, jugaba. Vitenzi vinavyokwenda kinyume ni vitatu tu katika lugha nzima, na unaweza kuvikariri ukiwa ndani ya tuktuk kabla ya kufika mjini:

ser (kuwa): era, eras, era, éramos, erais, eran
ir (kwenda): iba, ibas, iba, íbamos, ibais, iban
ver (kuona): veía, veías, veía, veíamos, veíais, veían

Tamka sawasawa

Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa bahati njema imperfecto nyingi zinafuata mwendo huohuo: pes-CA-ba, ven-DÍ-a. Taabu iko kwa nafsi ya "sisi". Mswahili husema pescaBAmos, naye amekosea. Ni pes-CÁ-ba-mos, ven-DÍ-a-mos, mkazo umerudi nyuma silabi moja. Ukitaka kuushika, kumbuka neno letu lenye sura mbili: baraBAra inayopita magari, na baRAbara kwa maana ya sawasawa kabisa. *Pescábamos* inafuata ile ya pili. Rudia mara kumi, baRAbara, pesCÁbamos, mpaka ulimi ukubali. Alama ile juu ya *á* ukiandika usiiache, na katika viishio vya -ía haikosekani hata mara moja.

Herufi h haitamkwi: *hablaba* (alikuwa akizungumza) ni "ablaba". J ni kama kh yetu ya kheri, kwa hiyo *trabajaba* tamka "trabakhaba". Na b iliyo kati ya irabu mbili ni laini, midomo inakaribiana bila kubana.

Kwa wanaojua Kiitaliano

Malindi hii Waitaliano wamekaa miaka mingi, na wako vijana wanaozungumza Kiitaliano bila kukanyaga darasani. Kama wewe ni mmoja wao, imperfecto umekwisha kuijua, maana *parlavo, parlavi, parlava* inafanya kazi ileile. Usianze upya, badilisha mambo machache tu.

Kubwa ni -o. Kiitaliano husema *io parlavo*, na mazoea hayo yanawafanya wengi wetu waseme "yo hablabo". Hakuna neno hilo. Mimi na yeye kwa Kihispania tuna umbo moja: *yo hablaba, ella hablaba*. Ndiyo maana hapa usione aibu kutaja *yo* au *ella* wazi, hasa pale watu wawili wanapotajwa katika sentensi moja. La pili ni v inayoandikwa b: cantava huwa *cantaba*. La tatu ni mkazo tuliotoka kuuzungumza, maana Waitaliano husema parlaVAmo kama sisi, na mazoea mawili yakiungana yanakuwa magumu kuvunja. Na *c'era, c'erano* zote mbili huwa neno moja tu, *había*. Hili nitalirudia chini kwa sababu linatufaa sana sisi.

Jua wakati wa kuitumia

Sehemu hii ndiyo nzito, isome polepole.

Matumizi ya kwanza ni mazoea ya zamani, yale tunayosema "alikuwa akifanya" au "zamani tulikuwa tukienda". *Mi madre vendía pescado en el mercado*, mama alikuwa akiuza samaki sokoni. *Los viernes íbamos a la mezquita con mi abuelo*, siku za Ijumaa tulikuwa tukienda msikitini na babu. Maneno yanayoandamana nayo ni *siempre* (daima), *antes* (zamani), *todos los días* (kila siku), *cada mañana* (kila asubuhi), *de niño* (utotoni), *los sábados* (siku za Jumamosi). Angalia hapa: Kiswahili kinakuruhusu "kila Ijumaa tulienda msikitini" kwa -li- tupu. Usidanganywe na -li-. "Kila" imekwisha kukuambia kwamba ni mazoea.

Pili, hali ya mahali na watu: upepo, giza, rangi, mavazi, umri, saa. *Hacía calor*, kulikuwa na joto. *El mar estaba tranquilo*, bahari ilikuwa shwari. *Tenía ocho años*, nilikuwa na miaka minane, na tazama jinsi lugha zetu mbili zinavyosema miaka ni kitu mtu alicho nacho. *Eran las cinco de la mañana*, ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Saa hizo zimetukosesha wageni, kwa hiyo ukitafsiri miadi hesabu mara mbili.

Tatu, jambo lililokuwa likiendelea lingine lilipoingia. Linaloendelea ni imperfecto, linaloingia ni indefinido. *Comíamos cuando llegó el barco*, tulikuwa tukila chombo kilipofika. Mambo mawili yakienda sambamba, yote ni imperfecto na *mientras* katikati: *Yo remaba mientras él cantaba*, mimi nilikuwa nikipiga makasia huku yeye akiimba.

Nne, mambo ya moyoni na kichwani: kutaka, kujua, kuamini, kuogopa, kupenda. *Quería, sabía, creía, temía, amaba*. Kiswahili kwa kawaida kina -li- tu hapa, "nilijua", "nilitaka", kwa hiyo jaribio la "alikuwa aki-" halikusaidii. Kariri kwamba hisia huanza na imperfecto. Ukiziweka katika indefinido maana inahama: *supe* ni nilipata kujua, habari zilinifikia, *conocí a tu hermano* ni nilikutana na ndugu yako kwa mara ya kwanza, ilhali *conocía* ni nilikuwa nikimfahamu, *no quise* ni nilikataa, ilhali *no quería* ni sikutaka, labda nikaenda hivyohivyo.

Tano, adabu. Mgeni hatakuambia "nataka chumba", atasema *quería una habitación*, na hazungumzii jana. Nawe mjibu kwa adabu hiyohiyo: *Quería preguntarle una cosa*, nilitaka kukuuliza jambo moja. Watu wa pwani tunalijua hili bila kufundishwa, maana nasi husema "nilitaka kukuuliza" tukiwa tunauliza papo hapo.

Mitego inayotunasa sisi waswahili

Mtego wa kwanza ni -me-. Tunasema "mlinzi alikuwa amelala", "mzee alikuwa amevaa kanzu", "tulikuwa tumechoka". Ukifuata neno kwa neno utatafuta *había dormido*, na mgeni ataelewa kwamba mlinzi alikuwa amekwisha lala na sasa yuko macho. Kwetu amelala ni hali aliyomo mtu, na hali kwa Kihispania ni imperfecto: *El guardia dormía. El anciano llevaba una túnica blanca. Estábamos cansados.*

Wa pili ni muda uliohesabiwa. "Nilikuwa nikifanya kazi hotelini kwa miaka mitatu" kwa Kiswahili ni sentensi nzuri. Kwa Kihispania ile "miaka mitatu" imeuwekea mpaka, chombo kimetia nanga: *Trabajé tres años en un hotel*. Urefu wa muda si hoja. Hata ikiwa miaka mia, ukishaihesabu na kuifunga, ni indefinido. Hivyohivyo kwa idadi ya mara: *Fui a Mombasa cuatro veces*, nilikwenda Mombasa mara nne.

Wa tatu ni maneno ya mtu yaliyoripotiwa. Sisi tunasema "aliniambia kwamba anafanya kazi Watamu", na "anafanya" inabaki kama ilivyotamkwa. Kihispania huivuta nyuma pamoja na kitenzi cha mbele: *Me dijo que trabajaba en Watamu*. Na "sikujua kwamba unasema Kihispania" huwa *No sabía que hablabas español*, ingawa unakisema hata sasa.

Wa nne ni watu. *La gente* ni watu, lakini kwao ni umoja. *La gente rezaba*, watu walikuwa wakiswali, si rezaban.

Na sasa *había*. Tunaposema "kulikuwa na mashua moja" au "kulikuwa na mashua mia", kitenzi hakibadiliki. Kihispania ni vilevile: *había una barca, había cien barcas*. Wapo hata Wahispania wanaosema *habían cien barcas*, na walimu wao huwasahihisha. Wewe shika "kulikuwa na" ya kwenu, hutakosea.

Itie kazini: Gede na Nguzo ya Vasco da Gama

Sheria zote hizi zinakaa kichwani zikipata mahali pa kutumika. Ukiwa na wageni katika magofu ya Gede, kati ya kuta za mawe ya matumbawe, una mengi ya kusema katika imperfecto, kwa sababu unaeleza maisha:

*Aquí vivía mucha gente. Sacaban agua de estos pozos y rezaban en la gran mezquita. Compraban porcelana que venía de China.*

Hapa waliishi watu wengi. Walikuwa wakiteka maji katika visima hivi na kuswali katika msikiti mkuu. Walikuwa wakinunua kaure zilizotoka China. Kisha unafunga: *La ciudad quedó vacía en el siglo XVII*, mji ulibaki mtupu katika karne ya 17. Kitenzi kimoja cha indefinido baada ya mfululizo wa imperfecto, na mgeni anasikia kimya kikiingia.

Kwenye Nguzo ya Vasco da Gama mpangilio unageuka, kwa sababu hapo una tukio lenye mwaka: *Vasco da Gama llegó a Malindi en 1498.* Alifika. Lakini ukitaka mgeni aone kilichokuwepo kabla ya Mreno kufika, ingia ndani: *Malindi ya comerciaba con la India. Había mercaderes en el puerto, y los pilotos conocían los vientos.* Malindi ilikuwa tayari ikifanya biashara na India. Kulikuwa na wafanyabiashara bandarini, na manahodha waliokuwa wakizijua pepo. Naipenda sana sehemu hiyo. Wageni wengi wanaijua *llegó* tu. *Comerciaba* na *conocían* ni zetu, na ni haki wazisikie kutoka kwetu.

Soma kifungu hiki kwa sauti

*Cuando era niño vivíamos cerca del mar. Mi abuelo tenía una barca pequeña y pescaba con dos vecinos. Salían de madrugada, cuando todavía estaba oscuro. Mi abuela vendía el pescado y yo la ayudaba los sábados. Un día el viento rompió la vela y mi abuelo volvió remando.*

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukiishi karibu na bahari. Babu alikuwa na mashua ndogo na alikuwa akivua na majirani wawili. Walikuwa wakitoka alfajiri, kungali giza. Bibi alikuwa akiuza samaki nami nikimsaidia Jumamosi. Siku moja upepo ulipasua tanga, babu akarudi kwa kupiga makasia.

Hesabu: imperfecto nane, kisha *un día*, kisha indefinido mbili. Ile *-ka-* ya "akarudi" nayo ni alama nzuri. Katika hadithi zetu -ka- husukuma kisa mbele, tukio baada ya tukio, na kwa kawaida linalosukumwa na -ka- huwa indefinido. Linalosimama na kuelezea huwa imperfecto.

Jipime

Funika majibu kwa mkono, tafsiri kwanza.

Mama alikuwa akiuza mahamri kila asubuhi. – *Mi madre vendía mahamri cada mañana.*
Jana mama aliuza mahamri mia moja. – *Ayer mi madre vendió cien mahamri.*
Tulikuwa tukicheza mpira ufuoni maji yalipokuwa yakipwa. – *Jugábamos al fútbol en la playa cuando bajaba la marea.*
Mjomba aliishi Mombasa miaka sita. – *Mi tío vivió seis años en Mombasa.*
Mlinzi alikuwa amelala tulipofika. – *El guardia dormía cuando llegamos.*
Shangazi aliniambia kwamba anaumwa. – *Mi tía me dijo que estaba enferma.*

Ukikosa ya nne, rudi kwenye mtego wa pili. Ukikosa ya tano, rudi kwenye -me-.

Baada ya hapo kitabu hakitoshi. Nenda kwa mzee wa nyumbani, babu au nyanya, mwombe akusimulie Malindi ya utoto wake: walikuwa wakila nini, wakicheza wapi, nani alikuwa na chombo. Mwache azungumze kwa Kiswahili chake, usimkatize. Usiku kaa uandike sentensi zake kwa Kihispania, moja moja. Utaona zinafuatana: *vivían, comían, jugaban, había, tenía*. Andika bila kusita mpaka utakapofika pale mzee aliposema "basi siku moja". Hapo weka kalamu chini kidogo, maana kitenzi kinachofuata si imperfecto.